Tiyo Iliyopasuka Chini ya Kitanda

11 Septemba 1967

Niseme bila kuzunguka: nyumba yetu inakunywa maji. Tunamwaga karai nzima katika chumba cha kuogea, na kule chini migombani, mahali tiyo, bomba la maji machafu, inapotokea, kinatoka kikombe. Maji mengine yanabaki wapi? Victorine, mke wangu, aliniuliza hivyo tangu mwezi wa tano. Nilimjibu kwamba yanakawia njiani. Mimi karani wa mizani, ninayetazama gunia la pareto tu na kujua limepungua kilo moja, ndimi niliyejibu hivyo.

Leo imenyesha mvua kubwa ya kwanza, na ukuta wa chumba chetu cha kulala umepasuka toka dirishani mpaka sakafuni. Sikuwa na namna, nikaingia chini ya nyumba. Mzungu aliyeijenga aliiweka kwenye mtelemko. Mbele imekaa juu ya mwamba, nyuma imesimama juu ya nguzo za mawe, na kati ya mbao za sakafu na udongo kuna nafasi ya kutambaa. Nafasi hiyo alimpimia mtu mwembamba. Tumbo langu lilikataa mara mbili kabla ya kukubali.

Tiyo nimeiona. Ni ya udongo wa kuchoma, nene kama paja. Inapitisha maji ya kuogea, ya jikoni, na ya mvua kutoka mabati ya nyuma. Imepasuka sawasawa chini ya kitanda chetu. Maji yanamwagikia mguu wa nguzo ya pembe na kuchota udongo kidogo kidogo, na nguzo imeanza kuinama kama mlevi anayetafuta ukuta.

Victorine alikuwa akinisubiri penye shimo la kuingilia.

"Papa Léopold, umeona nini?"

"Nimeona tiyo."

"Na nyumba iko namna gani?"

"Iko inasimama."

"Mimi niko naona ufa." Akanitoa tope shingoni kwa kidole. "Tumehama mara tatu juu ya vita. Mara tatu nimebeba masufuria kichwani. Hii nyumba ikianguka, mimi sihami tena na wewe. Narudi kwetu Itebero."

Hakupandisha sauti. Angepandisha ningelala vizuri.

Ufa: kalamu inaingia.

12 Septemba

Simenti hakuna. Barabara ya Bukavu imefungwa kwa sababu ya mamluki, na Goma wanasema ngoja.

14 Septemba

Nimefunga tiyo kwa shambre, mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli yangu ya zamani. Nilikuwa nimesahau kwamba shambre hiyo niliiacha kwa sababu ilikuwa na matundu.

15 Septemba

Imevuja penye matundu.

20 Septemba

Nilipata akili: maji ya mvua yasiingie katika tiyo kabisa. Nikang'oa mufereji wa mabati ya nyuma. Mvua ikaja saa tisa. Maji yakaanguka toka mabati kama mtu anayemwaga pipa, yakapita chini ya mlango wa jiko, yakazima moto na kubeba kapo la Victorine. Kabla mvua haijakatika nilikuwa juu ya ngazi nikirudisha mufereji mahali pake, na Victorine akinishikia ngazi.

Ufa: kalamu na nusu.

27 Septemba

Amekuja Papa Edmond wa Kirolirwe, anayetuletea maziwa. Ni rafiki yangu. Hatujui tulianza urafiki kwa nini, na sasa tumechelewa kuuacha. Alichungulia chini ya nyumba, akacheka mpaka akashika magoti.

"Kaka, hiki njo kinakusumbua? Mupini wa jembe yangu ulipasuka, nikaufunga na ngozi mubichi ya ngombe. Ngozi ikikauka inabana kuliko chuma. Sasa iko mwaka ya munane!"

Nilikuwa na fundi Barthélemy, masoni wetu, mjenzi wa mawe, ambaye tangu simenti iishe anatembea mikono nyuma kama padri. Naye akakubali: mupini wake pia ulifungwa hivyo. Na wangu. Ukweli ni kwamba huku Masisi hakuna mpini ambao haukufungwa hivyo. Wanaume watatu wenye umri tukasimama pale tukitikisa kichwa kwa furaha, na hakuna aliyeuliza ngozi itakauka namna gani juu ya kitu kinachopitisha maji.

30 Septemba

Ngozi imefika, mbichi, nzito, na nywele zake. Nimeizungusha kwenye tiyo mara tatu na kuishona kwa kamba. Edmond alikuwa nje akinipa mashauri na kunywa maziwa aliyoniletea mimi.

4 Oktoba

Siku nne bila mvua. Ngozi imekauka, imekaza kama ngoma. Nimeigonga, imelia. Nimemwita Victorine aje kusikia.

"Nimesikia," akasema. "Sasa utaipigia nani?"

5 Oktoba

Mvua.

6 Oktoba

Mvua. Ngozi imelegea.

11 Oktoba

Chumba kinanuka. Victorine amefungua dirisha, baridi imeingia, harufu haikutoka.

13 Oktoba

Asubuhi, kabla sijaenda kwenye mizani, nilisikia ugomvi chini ya sakafu. Nikafikiri ni nguzo. Walikuwa mbwa. Mbwa watano, wawili siwajui, wamechimba toka upande wa migomba, wameshika ngozi kwa meno na kuvuta kila mmoja upande wake. Nilipowafukuza walitoka na ngozi, na katika ngozi kulikuwa na kipande cha tiyo kirefu kama mkono wangu. Ufa wa zamani sasa ni shimo.

Kule kwenye mizani wamekwisha kupata habari. Mama mmoja aliyeleta maua ya pareto alinisalimia kwa heshima, halafu akauliza: "Papa Karani, ni kweli nyumba yako walikuwa wanaila?"

Ufa: kidole.

16 Oktoba

Fundi Barthélemy amesema tutumie mianzi. "Masoni bila simenti iko muntu tu," alisema, "lakini muntu anaweza kukata mianzi." Tumekata, tumetoboa vifundo, tumeingiza mwanzi mnene ndani ya tiyo ili uvuke penye shimo. Pia amesimamisha gogo la mkaratusi kando ya nguzo inayoinama, liikinge. Kazi safi. Tumekunywa kasiksi kidogo, pombe ya ndizi, kwa kuipongeza.

17 Oktoba

Mwanzi ni mwembamba kuliko tiyo. Jambo hili lingejulikana hata kwa mtoto wa darasa la kwanza. Mvua ilipozidi, maji yalikosa njia yakarudi juu. Victorine alikuwa anaoga. Maharagwe ya jana toka jikoni yalimtokea kati ya miguu.

Sikuandika alichosema. Alikisema kwa lugha ya kwao, haraka, na jina langu lilikuwa ndani mara nne.

25 Oktoba

Tumetoa mwanzi. Mvua.

31 Oktoba

Mvua. Ufa: vidole viwili. Kitanda kimeanza kuelemea upande. Mimi ninayelala upande wa chini ninaamka nikiwa nimebanwa ukutani. Victorine analala upande wa juu na haelemei kabisa. Sijui anajishika na nini.

9 Novemba

Amefika Mama Annonciata.

Inanipasa kueleza, maana hata mimi nikisoma hapa baadaye nitataka kukumbuka uzito wa jambo hili. Mama Annonciata ni mama ya Victorine. Ametembea siku sita toka Itebero, kwenye pori, katika mvua hii, mwenye umri wa zaidi ya miaka sabini, kwa sababu wafanyabiashara walimwambia nyumba ya binti yake inaanguka na mume wake ameifunga kwa ngozi ya ng'ombe.

Ubatizo anao, rozari anayo shingoni, lakini mambo ya mkwe anayashika kama walivyoyashika wazee wake: mama mkwe na mkwe mwanamume hawaonani uso, hawaitani jina, hawapeani neno kwa kinywa, na mama haingii pale mkwe anapolala. Mwaka 1945 nilimchukua Victorine kwao, nikaahidi kumrudisha kusalimia kila mwaka. Nilimrudisha mara mbili. Katika miaka ishirini na mbili nimemwona mama mkwe wangu mgongo, nimemwona kisigino, na pindo la kitenge likipita mlango. Akitaka kuniambia jambo anamwambia Victorine nami nikiwa karibu. Kama Victorine hayupo, anawaambia kuku.

Leo jioni aliwaambia kuku: "Nimekuja kuchukua mutoto wangu. Mutu asinipikie chakula ya kunibembeleza. Tukipumzisha miguu, tunaenda."

Kuku walikimbia. Nami ningependa.

10 Novemba

Mama analala katika nyumba ya jiko. Victorine amefua nguo zake zote na kuzikunja. Nilimwuliza kama ni kwa safari.

"Ni kwa sababu zilikuwa chafu," akasema. Halafu, akiwa ameinama juu ya karai: "Papa Léopold, mimi sitaki kwenda. Lakini niko muchovu kwa kulala nikisikiliza ukuta. Fanya tiyo. Siombi kitu ingine."

Miaka yote hii nilifikiri yeye ni mtu wa kulalamika na mimi ni mtu wa subira. Nimeanza kuona kwamba tulibadilishana bila mimi kujua.

13 Novemba

Mama alizunguka nyumba nzima, kitenge kichwani, mimi nikiwa nimejificha nyuma ya mlango kama mwizi wa kuku. Alisimama penye shimo, akanusa. Kisha akasema kwa Victorine, kwa sauti ya kumfikia mtu aliye nyuma ya mlango:

"Ambia ule muntu: tiyo haiko jembe."

"Amesikia, Mama."

"Muambie tena: kitu cha maji kinazibwa kama mutumbwi. Baba yako alivusha watu mutoni miaka makumi tatu. Nani alikuwa anaziba mutumbwi wake? Ni mimi, na hii mikono."

Nyuma ya mlango nikauliza polepole: "Victorine, uliza Mama anaziba na nini."

"Na ulimbo," Mama akajibu kabla hajaulizwa, akitazama migomba. Mkobani mwake lilikuwa bonge la ulimbo wa mti wa porini, kubwa kama kichwa cha mtoto, limefungwa katika majani. Amelibeba ili kuwashia moto njiani.

14 Novemba

Ugumu ni huu. Anayejua kazi ni Mama. Tiyo iko chini ya kitanda changu. Kwa desturi yao, chini ya kitanda cha mkwe ni pabaya zaidi kuliko juu yake. Basi itabidi nizibe mimi, naye aniongoze toka nje, kwa kinywa cha Victorine. Fundi Barthélemy amesikia mpango huu na kusema amepata kazi nyingine mahali pengine, lakini atarudi kuweka mawe.

16 Novemba

Mvua kubwa mno. Ufa: vidole vitatu. Kazi imeahirishwa.

18 Novemba

Ninaandika nikiwa na bandeji kwenye goti.

Asubuhi mvua ilikatika. Mama aliyeyusha ulimbo katika chungu, akaongeza mawese ili usikauke na kupasuka, na majivu ili ushike. Alivunja chungu kizee akachagua vigae vyenye mpindo sawa na tiyo. Alisokota nyuzi za gome la mti. Yote hayo kwa kunipa mgongo. Sijapata kuona mgongo wenye akili hivyo.

Nikaingia kwa tumbo, miguu ikabaki nje ya shimo. Victorine alipiga magoti kando yangu. Mama alikaa hatua tatu nyuma, amefunika uso.

"Muambie apanguse kwanza. Maji hayapendani na ulimbo."

"Papa, pangusa."

"Ninapangusa."

"Anapangusa, Mama."

"Na nini?"

"Na nini, Papa?"

"Na shati yangu."

Mama akasema: "Muambie ni vizuri." Ni sifa ya kwanza kuipata toka kwake, na niliipata nikiwa uchi mgongo ndani ya tope.

Niliweka nyuzi, nikapaka ulimbo, nikabandika kigae cha kwanza. Ulimbo ukapoa kabla sijamaliza. Victorine akakimbia jikoni kuleta makaa. Nikabaki nimelala pale, nimeshika kigae kwa mikono miwili, nikingoja, na nikawa nimeridhika kabisa na maisha.

Ndipo nikasikia sauti: "Léopold. Toka."

Sikutoka. Niseme ukweli jinsi ulivyo: sikufikiri ni mimi ninayeambiwa. Sauti ile haijawahi kuniambia kitu miaka ishirini na mbili. Nilifikiri kuna Léopold mwingine migombani, nikamsikitikia.

"Léopold! Nguzo! Toka!"

Udongo ukaanza kuniangukia shingoni. Juu yangu boriti ililia. Nami bado nimeshika kigae, maana niliambiwa nisikiachie. Mikono miwili ikanishika vifundo vya miguu, mikono mikavu, yenye nguvu kama ya mtu anayevuta mtumbwi ufukoni, na nikaburutwa kinyumenyume juu ya mawe mpaka kwenye majani. Goti liliumia hapo. Suruali nayo haikutoka yote pamoja na mimi.

Nguzo ya pembe ilianguka. Nyumba ikashuka upana wa kiganja, ikakaa juu ya gogo la Barthélemy, ikatulia. Kama gogo lisingekuwepo, shajara hii ingeandikwa na Victorine, na ingekuwa fupi.

Victorine alifika na makaa. Alituona: mimi kifudifudi, mama yake amekaa chini, kitenge amekivuta mpaka kidevuni, anahema.

"Nimemuita jina," Mama akasema ndani ya kitenge. "Nimemushika miguu. Yesu wangu, na mimi nimefika huu umri."

Alikuwa analia. Victorine akaweka makaa chini akamkumbatia, nami nikapandisha suruali polepole, bila kugeuka.

19 Novemba, Jumapili

Tumesali. Mama alikaa safu ya mwisho.

21 Novemba

Jana asubuhi Mama alisema, na sikujua kama ni kwa Victorine, kwa kuku, ao kwa nani: "Nimekwisha kuvunja kikubwa. Kidogo kinanizuia nini? Mutoe kitanda. Kitanda kikitoka, mule hamulale muntu, mule ni nyumba tu."

Victorine na mimi tukabeba kitanda mpaka sebuleni. Tulibeba godoro, mito, hata msumari ninaotundikia kofia yangu, asije mtu akasema bado ninalala mle. Barthélemy aling'oa mbao tano za sakafu. Mama akashuka katika shimo akiwa na chungu chake, nami nikafukuzwa mpaka barabarani.

Walifanya kazi siku mbili. Mama alijaza nyuzi, akamwaga ulimbo, akabandika vigae kama magamba ya samaki, kimoja juu ya kingine. Barthélemy alisimamisha nguzo upya, akapanga mawe chini ya tiyo yote na kushindilia udongo, ili isilale tena hewani. Nilimsikia Mama akimwambia: "Papa fundi, jiwe hii inacheza." Na Barthélemy, ambaye hata mzungu hakumweza, akajibu: "Ndiyo, Mama."

24 Novemba

Mvua tangu saa sita. Mama alichukua kibao, akaenda kukaa chini migombani mbele ya mdomo wa tiyo, jani la mgomba kichwani. Maji yakitoka na tope, maana yake bado yanachota udongo chini ya nyumba. Alikaa muda wote wa mvua. Nilimtazama toka dirishani, mgongo wake tu, na nilitaka kumpelekea koti, na Victorine hakuwepo nimtume.

Alirudi ameloa. "Maji yanatoka meupe," aliwaambia kuku.

25 Novemba

Mvua. Meupe.

26 Novemba, Jumapili

Kwa desturi yao, ili kosa la Mama kuniita na kunishika litoke, inafaa nitoe kuku na kitenge, halafu mama mkwe afunue uso mbele ya mkwe na yaishe. Nimechagua kitenge sokoni. Kuku nilimchagua yule asikiaye vizuri.

28 Novemba

Tulikaa sebuleni, kando ya kitanda kilichosimamishwa ukutani. Papa Edmond alikuja kuwa shahidi, amevaa koti, na kwa mara ya kwanza hakuwa na shauri. Victorine alikaa katikati yetu. Nguo zake zilizokunjwa zilikuwa bado ndani ya kapo karibu na mlango, na mimi niliziona kuliko nilivyoona kitu kingine chochote.

Niliweka kuku na kitenge chini. Mama akavipokea. Kisha akashusha kile alichofunika nacho uso.

Ni mwanamke mdogo. Nilikuwa nimemfanya mkubwa sana kichwani mwangu. Ana macho ya Victorine, na jino moja la mbele limekatika. Alinitazama muda mrefu: upara, tumbo, bandeji ya goti. Mdomo wake ukabaki wazi kidogo.

"Kumbe umezeeka hivi!" akasema.

Nikajigusa upara.

"Miaka yote nakasirikia kijana," akasema. "Kijana mwembamba, mwenye kucheka sana, alinibebea mutoto. Njo huyo nilikuja kumunyanganya. Sasa yeye iko wapi?" Akamgeukia binti yake. "Huyu muzee, nikikutoa hapa, namuachia nani?"

"Mama," Victorine akasema, "hata mimi niko muzee." Akaanza kucheka, akashindwa kunyamaza, akajipangusa macho kwa mkono. "Mimi nabaki. Ukuta sasa hausemi kitu. Nabaki."

Nilitaka kushukuru. Nikamwinamia Victorine nikamnong'oneza: "Ambia Mama, chakula iko tayari."

"Muambie wewe mwenyewe," Victorine akasema.

Papa Edmond akatazama mabati. Nilisimama, nikamgeukia yule mwanamke mdogo.

"Mama," nikasema, "karibu."

Akanyoosha mkono nimwinue. Miguu ilikuwa inamwuma, akaniegemea mpaka mezani.